Betri ya Mwisho Kichwa Chini

Enzi zetu tochi ilikuwa haijahamia kwenye simu. Ilikuwa na nyumba yake, na kwetu Ruhuwiko nyumba hiyo ilikuwa rafu ya juu ya kabati la Baba, ndani ya soksi kuukuu. Tochi ya bati la kung'aa, ya betri mbili, nzito kama mchi wa kinu kidogo. Tuliiheshimu kiasi kwamba ilibaki kidogo tu tuiamkie shikamoo.

Baba hakuruhusu betri zilale ndani yake. "Betri ikivuja imeshakula tochi," alisema. Kila Jumamosi alizianika juani, akasugua springi kwa msasa, akakipulizia kioo pumzi na kukifuta kwa fulana yake. Glopu ya akiba aliifunga kwa pamba na kuificha kwenye kifuniko cha nyuma. Na safari ikiwepo, aliongeza sheria moja: betri ya mwisho iwekwe kichwa chini, ili mizigo ikibonyeza swichi ndani ya begi, tochi isijiwashe na kumaliza moto njiani. Mimi sheria hiyo niliiona usumbufu mtupu.

Nilikuwa darasa la sita shule ilipotupeleka kupiga kambi milimani Matogoro. Usiku wa kuamkia safari Baba alinikabidhi tochi kwa mikono miwili. "Geuza betri ya mwisho, mama," aliniambia. Nikaitikia ndiyo, nikaitumbukiza vilevile begini, kati ya blanketi na viazi vya kuchemsha, nikaenda kulala.

Tulifika kambini alasiri, matope hadi magotini. Rafiki yangu Veronika, ambaye hajawahi kuona tunda la msuku limeanguka akalipita, akaingia porini kuokota masuku. Ndipo ukungu uliposhuka. Ukungu wa Matogoro hauna hodi. Dakika moja unaona mlima, dakika inayofuata huoni hata vidole vyako. Jioni nayo ilikuwa inaingia. Tulimwita Veronika, akajibu kwa kilio, lakini hatukujua ni wapi, naye hakujua sisi tuko wapi. Na tulijua chini yetu kuna korongo.

"Usisogee!" mwalimu alipiga kelele. "Tochi! Nani ana tochi?"

Wenzangu wawili walitoa zao. Moja ilikuwa imewaka begini tangu asubuhi, imebaki na mwanga wa rangi ya kiini cha yai. Nyingine ilishakufa kabisa. Nikabonyeza ya Baba. Kimya. Nikabonyeza tena, nikaanza kulia, maana nilijua ukaidi wangu ndio uliomponza Veronika.

Mwalimu aliipokea, akafungua kifuniko. Betri ya mwisho ilikuwa kichwa chini. Baba alikuwa amefungua begi langu nikiwa usingizini, akaigeuza, asiniambie neno.

Mwalimu akairudisha sawa, akapanda juu ya jiwe, akaiwasha. Mpaka leo sijaona mwanga kama ule. Uliingia kwenye ukungu ukasimama wima, mweupe.

"Nauona!" Veronika alilia. Akaja akiufuata pole pole, masuku bado ameyakumbatia kwenye sketi.

Niliporudi nyumbani nilipiga magoti kumwomba Baba msamaha. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Betri umezitoa?"

Siku hizi watoto wetu wana tochi mfukoni, ila ikifika jioni simu imeshamalizwa na muziki na picha za kujipiga wenyewe. Wiki iliyopita mwanangu Beno alikuwa anajiandaa kupanda Matogoro na wenzake. Nikampa ile tochi. Akabonyeza, akanikazia macho. "Mama, mbona hii mbovu?"

Baba akacheka kitini kwake. Presha ya macho ilimpofusha, huu mwaka wa tatu. Mchana na usiku kwake ni kimoja, lakini Jumamosi haijawahi kupita bila kuomba msasa wake, na kioo asichokiona anakifuta kwa fulana ileile.

"Lete hapa, mjukuu wangu." Akaifungua kwa kupapasa, akageuza betri ya mwisho, akamrudishia.

Beno akaiwasha, mwanga ukampiga babu yake usoni. Baba hakupepesa. Aliinua tu kichwa, akauliza, "Imewaka?"