Darasa Lililonyoosha Sauti ya Dada

Mimi si mtu wa safari, wanaonifahamu wanalijua hilo. Nikitoka Maruku kwenda Bukoba mjini, mke wangu hunifungia ndizi za kuchoma kana kwamba navuka mpaka, na majirani huuliza nitarudi lini. Kwa hiyo mwezi uliopita nilikwenda siku ya wazazi shuleni kwa binti wa dada yangu kwa sababu moja tu: dada alikuwa na homa na hakukuwa na mwingine wa kutumwa. Nikapanda bodaboda, nikamkumbatia dereva bila aibu mpaka getini, nikakalishwa kwenye benchi karibu na darasa la muziki.

Hapo ndipo hasira iliponipanda. Ndani kulikuwa na kipaza sauti, spika mbili, na mwalimu kijana mwenye raba nyeupe akimfundisha mpwa wangu kuimba muziki wa kisasa. Namsikia kwa masikio yangu: "Usiinyooshe hivyo. Achia sauti ikwaruze kidogo. Usiukimbilie mdundo, uache ukusubiri." Mtoto akajaribu, ikagoma. Akajaribu tena, ikagoma. Mwalimu akampa alama chache na kumwambia akafanye mazoezi nyumbani.

Alama, ndugu yangu. Kwa kitu ambacho mama yake alikuwa nacho bure akiwa darasa la saba, na darasa la muziki kama hilohilo ndilo lililomwondolea.

Ngoja nikuambie tulivyokuwa. Tulikulia Muleba, kwenye nyumba ya bibi iliyozungukwa na migomba pande zote, isipokuwa mbele, palipokuwa na uwanja wa kuanikia kahawa. Kugeuza kahawa ilikuwa kazi yetu watoto. Unaingia peku juu ya majamvi, unaburuza nyayo polepole, kahawa inafunguka mifereji nyuma yako na jua linapata pa kuingia. Kahawa mbichi haisemi kitu. Ikianza kukauka ndani ya ganda, inalia kama mvua nyepesi juu ya majani ya mgomba.

Dada aliimba akiwa humo. Nyimbo za dansi alizipata kwenye redio ya baba, ambayo betri zake zilichoka upesi, tukazianika juani pembeni ya kahawa zipate nguvu tena. Mara nyingi wimbo ulikatikia katikati. Dada aliumalizia mwenyewe kwa maneno yake, na mimi mpaka leo nyimbo nyingine siwezi kukuambia za bendi ni zipi na za dada ni zipi. Alikuwa anaburuza mstari kama anavyoburuza mguu: mguu unapita kwanza, neno linafuata nyuma, bila haraka, na mwishoni sauti inakwaruza kidogo kama kahawa yenyewe. Bibi, akimenya ndizi za ebitoke mlangoni huku harufu ya maharage ikitoka jikoni, alizoea kusema sauti ya huyu mtoto imekaushwa juu ya moshi. Alikuwa anamsifu. Nami niliimba, usidhani sikujaribu. Kuku walihama uwanja.

Basi ikaja habari shuleni kwamba kuna mwalimu mkuu wa shule moja ya bweni, ameanzisha darasa la muziki wa kisasa, na atapita kwetu kutafuta waimbaji wa kuwachukua. Kwa wengine ilikuwa habari ya kupitisha mchana. Kwa dada ilikuwa mlango. Hesabu na dada hawakuwa wakisalimiana, na nyumbani kila mtu alijua kwamba asipochukuliwa na mgeni huyo, sekondari ataisikia kwetu tu tuliomfuata.

Mwalimu wetu wa muziki hakuwa mtu mbaya, na ndilo linaloniudhi zaidi. Angekuwa mbaya ningemchukia nikapumzika. Alikuwa kiongozi wa kwaya ya usharika, na alitembea na kile chuma chenye ncha mbili, anakigonga gotini, anakisikiliza, kisha anatupa sauti ya kuanzia. Sisi Walutheri wa kule, hata salamu tungeweza kuzigawa sauti nne. Kwa hiyo alipoambiwa afundishe muziki wa kisasa, alifanya alichokijua. Aliuchukua wimbo wa dansi uliokuwa ukivuma, akauandika wote ubaoni kwa nota, do re mi, soprano juu, besi chini, akatupanga mistari mikono ikiwa nyuma. Wimbo wenyewe ulikuwa wa mtu aliyeachwa na mpenzi wake. Tuliuimba kama tunapokea askofu.

Mimi niliwekwa besi, ingawa sauti yangu ilikuwa bado haijavunjika. Siku ya pili mwalimu akanisogelea, akasikiliza, akaniambia kwa upole, "Wewe chezesha mdomo tu. Sauti tutamwazima mwenzako." Nilichezesha kwa bidii mpaka mashavu yakauma.

Dada alipewa mstari wa peke yake. Hapo ndipo kazi ya kumrekebisha ilipoanza.

"Unachelewa," mwalimu akasema.

"Nachelewa wapi, mwalimu?"

"Hapo kwenye fa. Na mbona unakwaruza? Unaumwa koo?"

"Hapana, mwalimu. Ndivyo wanavyoimba redioni."

"Redioni wanaimba walevi. Hapa ni darasani."

Darasa zima likacheka, na dada akaanza upya. Alikuwa mtoto msikivu, na alikuwa anautaka ule mlango. Kila jioni baada ya masomo alibaki na mwalimu na chuma chake, na akirudi nyumbani anaendelea kujinyoosha mwenyewe juu ya majamvi, miguu ikigongana na mdundo kwa sababu nyayo bado zilikuwa zinachelewa. Siku moja bibi aliacha kumenya, akainua kisu, akauliza, "Nani huyo anaimba uwanjani?"

"Ni dada."

"Dada yupi?"

Nilidhani anatania.

Mgeni alikuja na pikapu, mama mmoja mnene mwenye miwani. Akakaa mbele na walimu. Sisi tukasimama mistari yetu, dada akatoka mbele akaimba. Hakukosea hata mahali pamoja. Kila neno lilikaa juu ya mdundo kama kofia, sauti safi, imenyooka, haina mkwaruzo. Mwalimu alikuwa analengwalengwa na machozi. Mgeni akapiga makofi ya adabu, akatupitishia macho mistarini.

"Hamna anayeimba kama mnavyoimba majumbani?" akauliza.

"Huyu ndiye bora wetu, waitu," mwalimu akajibu kwa heshima ya kwetu. "Tumemrekebisha vizuri sana."

"Nimesikia. Kaimba vizuri. Ila kwaya ninazo tayari." Kisha akamgeukia dada. "Binti, hivi ndivyo unavyoimba siku zote? Ukiwa peke yako?"

Sasa wewe niambie. Mtoto wa kwetu, mwalimu wake kasimama pale na suti yake ya Jumapili, mgeni anamuuliza kama alichofundishwa ndicho chake. Angejibuje? Kusema hapana kungekuwa kumvua mwalimu nguo mbele ya watu. Dada akaangalia chini, akasema, "Ndiyo, mwalimu. Ndivyo ninavyoimba."

Mgeni alikunywa chai, akala senene tuliomkaangia, akaondoka. Tulisikia baadaye kwamba waimbaji wake aliwapata kijiji cha pili, kwenye shule isiyokuwa na mwalimu wa muziki kabisa. Dada alibaki na kahawa, kisha akaolewa Kagondo. Mimi niliyechezesha mdomo ndiye niliyefika kidato cha nne.

Siku ile ya wazazi nilimrudisha mpwa wangu kwao. Tulimkuta dada ameinuka, homa imepungua, anamenya ndizi uani. Nikamweleza habari za mwalimu wa raba nyeupe, kwa hasira ambayo yeye mwenyewe hakuwa nayo.

"Wanafundishwa kukwaruza?" akauliza. "Na wanapewa alama?"

"Alama kabisa. Mwonyeshe mtoto."

Akacheka, akafuta mikono kwenye kitenge, akaanza ule wimbo wa dansi wa siku ya mgeni. Ukatoka safi. Akakunja uso, akarudia, akijaribu kuuchelewesha, na kila neno likaenda likakaa mahali pake palepale aliposema mwalimu wetu wa kwaya. Akajaribu mara nyingine kwa sauti ya chini, kama mtu anayepapasa kitu chini ya kitanda.

Nami nilikuwa nangoja, kwa sababu kile ninachokitafuta hakipo tena kwingine. Bibi hayupo. Uwanja wa kahawa umejengwa vyumba vya kupangisha. Hatukuwa na kinasa sauti, na nani angefikiri kumrekodi mtoto anayegeuza kahawa?

"Basi, mama, usijisumbue," binti yake akasema, akimwekea beseni la ndizi mapajani kwa upendo wote. "Mwalimu wetu alishatuambia. Waliozoea kwaya, hii kitu huwa haiwaingii."

Nikafungua mdomo. Dada akaniangalia, nikaufunga.

"Ni kweli, mwanangu," akasema. "Mwalimu wako anajua."