Shikamoo za Kesho

Mwezi uliopita nilikuwa kwenye baraza ya boma, Kisarawe, watu wakiandikisha majina kwa mbio za kutoka Msimbu. Tarishi mmoja akamwambia karani, "Kikombe wapeni wengine. Mimi nataka nitumie saa moja, isizidi."

Mwaka jana ilizidi kwa dakika nne. Zote, alisema, ziliishia kwenye kuamkia wazee njiani. Nani atampita mzee bila shikamoo?

Basi siku moja kabla ya mbio akaipita njia nzima kwa miguu, mlango kwa mlango. Nilimfuata kwa baiskeli.

"Shikamoo, bibi. Hii ni ya kesho."

Bibi akacheka mpaka ungo ukamponyoka. "Marahaba, mjukuu wangu. Kesho pita tu."

Kesho yake alipita kweli, mkono kifuani, wazee wakimpungia. Alipoingia Kisarawe zilibaki dakika mbili. Hapo akajitokeza mzee mmoja na mkongojo wake, ndiyo kwanza anarudi safari ya Magindu. Tarishi akasimama, akainama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hujambo? Baba yako? Na mbuzi wenu?"

Akajibu yote, na mbuzi pia, ndipo akakimbia tena.

Karani akasoma: saa moja na dakika moja.

Nilidhani atalia. Akajifuta jasho, akamrudia yule mzee. "Babu, mwakani siku moja kabla ya mbio utakuwa wapi? Nitakufuata huko huko."

Mimi, nakiri, ningetafuta njia nyingine.