Siku Tatu za Ahmedabad

Nilifahamiana na mama mmoja kwenye lifti. Jengo letu lilikuwa Flemingdon Park, hapa Kanada, ghorofa kumi na saba na lifti mbili, moja ikiwa mbovu wiki nyingi kuliko ilivyokuwa nzima. Alikuwa akizungumza kwa simu kwa Kigujarati, kisha katikati ya maneno akasema, "Basi, shauri yake," akaendelea na Kigujarati chake. Alipokata simu nikamwamkia shikamoo. Alinitazama kwanza, kama mtu anayehakikisha amesikia sawasawa.

"Marahaba. Wa wapi wewe?"

"Morogoro, mama."

"Mimi wa Tabora," akasema, na lifti ikafika ghorofa yangu.

Hiyo ilikuwa mwaka 2008. Nilikuwa karani wa mizigo katika ghala moja kule Malton, karibu na uwanja wa ndege, na siku yangu ya kupumzika ilikuwa Jumapili. Ikawa desturi kupanda kwake ghorofa ya kumi na mbili Jumapili mchana kunywa chai. Mumewe alikuwa amefariki. Alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, mhasibu, aliyekuja Kanada akiwa mdogo. Kijana huyo alikielewa Kiswahili vizuri lakini alijibu kwa Kiingereza. Nadhani mama huyu alinipendea kitu kimoja zaidi ya vingine: nilimjibu kwa lugha aliyoniuliza.

Mwezi wa kumi na moja mwaka 2011 alinitangazia kwamba anataka kwenda Ahmedabad, na kwamba nimpangie safari.

"Wewe unafanya kazi za ndege," alisema.

"Nafanya kazi za mizigo, mama."

"Na mimi mzigo. Tena mzee."

Nilimuuliza mara ya mwisho alikwenda India lini. Alisema hajawahi kufika. Nilishangaa, na aliona nimeshangaa. "Kila mtu akiniona anadhani nimetoka huko," alisema. "Mimi nimezaliwa Tabora. Nimesoma Tabora. Nimepima vitambaa kwenye duka la baba yangu Tabora mpaka tulipohamia hapa. Lakini mama yangu ni wa Ahmedabad."

Alinieleza mji huo kama alivyoelezwa yeye. Mitaa myembamba, kila mmoja na lango lake, ambayo kule huitwa pol. Nyumba za mbao zilizonakshiwa kuanzia mlangoni hadi chini ya paa. Katikati ya mtaa, mnara mdogo wa kulishia njiwa. Soko ambalo asubuhi huuza dhahabu, jioni huuza chakula. Mama yake alikuwa akimsimulia haya wakikunja vitambaa baada ya kufunga duka, na kila mara alianza na neno "kwetu". Mama huyo alifika Tabora akiwa na miaka kumi na mitano, kuolewa, na hakurudi.

Nilikubali kumpangia, na baada ya wiki mbili nikakubali kwenda naye. Nilikuwa na likizo ambayo sikuwa nimeitumia, na sikuwa na mtu wa kuitumia naye. Nilikuwa pia na sababu yangu. Katika kusoma juu ya mji huo niligundua kwamba una msikiti mdogo uliojengwa, kwa mujibu wa vitabu, na mtu wa asili ya Uhabeshi, na kwamba madirisha yake ni mawe yaliyotobolewa mpaka yakafanana na kitambaa cha kufuma. Nilitaka kuona Mwafrika alifanya nini huko.

Kwa hiyo Jumapili zikabadilika. Nilikwenda na kompyuta yangu pamoja na ramani niliyochapisha maktaba, kurasa nne zilizounganishwa kwa gundi, tukaitandaza juu ya meza yake ya chakula. Nilipanga siku sita. Siku ya kwanza ngome na lango la matao matatu. Siku ya pili msikiti wa Ijumaa na soko. Siku ya tatu nje ya mji, kwenye kisima cha kale ambacho mtu hukishuka kwa ngazi, ghorofa tano chini ya ardhi. Niliendelea hivyo mpaka siku ya sita, na kila siku niliandika saa ya kutoka, saa ya kula na mahali penye choo.

Yeye alisoma, akachukua kalamu, akakata kisima.

"Ngazi," alisema.

Akakata makumbusho. Akakata na makaburi ya wafalme. "Mimi nataka kukaa kwenye mtaa mmoja. Siku zote sita. Nikijua nyumba yao ilikuwa ipi, nakaa mbele yake."

"Utajuaje ni ipi?"

"Ina ngazi nyembamba, na dirisha linatazama mnara wa njiwa."

Nilimwambia huenda minara ya aina hiyo ni mingi. Alisema tutaizunguka yote. Nikarudisha makumbusho kwa penseli, kama jambo la kufanya mvua ikinyesha. Alinikumbusha kwamba tunakwenda mwezi wa pili, na mwezi huo hakuna mvua kule.

Jumapili moja mwanawe alitukuta kwenye ramani. Alisimama na koti lake bado mwilini, akauliza kwa Kiingereza kama kuna hospitali karibu na hoteli, kama maji yamefikiriwa, na kama nilijua mama yake anameza dawa gani za moyo. Nilikuwa nimeandika yote matatu. Mama yake alimjibu kwa Kiswahili, "Vua koti kwanza." Alivua, akasoma karatasi yangu mpaka mwisho, akairudisha mezani bila kuikosoa. Nilimwonea huruma kidogo. Alikuwa amejiandaa kwa ubishi, akakuta ratiba.

Shida ilitokea kwenye fomu ya viza. Tuliijaza pamoja, mimi nikisoma maswali na kuandika, yeye akijibu. Fomu iliuliza mahali alipozaliwa mama wa mwombaji.

"Ahmedabad," alisema.

Nilimshauri tuangalie karatasi yoyote ya zamani, ili tusiandike kitu kinachopingana na nyingine. Alileta bahasha ya kaki kutoka chumbani. Ndani mlikuwa na pasipoti ya marehemu mama yake, jalada likiwa limechakaa, picha imefifia. Nilisoma mahali pa kuzaliwa. Palikuwa ni mji mdogo katika rasi ya Kathiawar, mbali kabisa na Ahmedabad upande wa magharibi. Nikamgeuzia ukurasa ausome mwenyewe.

"Wamekosea," alisema.

"Inawezekana. Makarani hukosea."

Hakuridhika. Alikuwa na mama mdogo, mdogo wa marehemu mama yake, aliyekuwa hai bado kule Vancouver, mzee sana lakini mwenye akili timamu. Alimpigia pale pale, akaweka simu mezani kwa sauti ya wazi. Walizungumza Kigujarati. Nilielewa majina ya miji tu. Mama huyu aliuliza swali moja mara tatu, kila mara kwa sauti ya chini kuliko iliyotangulia. Kisha akaaga, akakata simu.

"Siku tatu," aliniambia. "Walikwenda Ahmedabad kununua nguo za harusi, halafu wakapanda treni ya Bombay kwenda kwenye meli. Siku tatu tu. Walilala nyumba ya wasafiri."

Aliinuka, akaosha vikombe, pamoja na changu ambacho kilikuwa na chai bado. Niliandika jina la ule mji mdogo kwenye fomu, nikafunga kompyuta, nikaondoka.

Jumapili iliyofuata hakuniita. Wala ile nyingine. Nilikutana naye mara moja kwenye chumba cha kufulia, tukaongea habari za mashine iliyokula sarafu zake. Nilidhani safari imekufa, na nikaanza kufikiria likizo yangu niifanyie nini.

Wiki ya tatu alibisha hodi kwangu. Hakuwa amewahi kushuka kwangu. Alikuwa na ratiba yangu mkononi.

"Ondoa siku tatu," alisema akiwa bado mlangoni.

Nilimkaribisha akaketi. Nikamuuliza tuondoe zipi.

"Zozote. Zibaki tatu." Aliiweka karatasi magotini. "Nilimkasirikia siku nyingi. Nilisema, alinidanganya utoto wangu wote. Halafu nikafikiri. Mtoto wa miaka kumi na mitano, anapelekwa kwa mwanamume asiyemjua, nchi asiyoijua. Katikati anapewa siku tatu za kutembea mjini. Anaangalia dhahabu, anaangalia njiwa. Mimi nisingezisahau."

Nilimwambia kwamba kutoka Ahmedabad tunaweza kufika ule mji aliozaliwa mama yake kwa basi la siku moja, na kwamba siku tatu tulizoondoa zingetosha.

"Hapana. Huko hakunisimulia hata neno moja. Labda alikuwa na sababu zake."

Basi nikapanga upya. Ilikuwa rahisi zaidi. Siku ya kwanza soko na maduka ya nguo. Siku ya pili mitaa ya zamani, polepole, kwa miguu, na mapumziko saa sita mpaka saa kumi. Siku ya tatu msikiti wangu, kisha uwanja wa ndege. Viza zilitoka bila maswali zaidi. Mwanawe alitupeleka uwanja wa ndege wa Pearson, akanipa orodha ya namba za simu aliyoichapisha na kuifunika kwa plastiki.

Ahmedabad ilikuwa na kelele nyingi kuliko nilivyosoma, na nakshi nyingi zilikuwa zimeliwa na wadudu au kufunikwa na nyaya za umeme. Minara ya njiwa ilikuwa mingi. Siku ya pili alichagua mmoja, sijui kwa nini ule, akakaa kwenye kibaraza cha duka la vyombo mpaka jua lilipomfikia. Mwenye duka alimletea chai, akamuuliza kwa Kigujarati anatoka wapi. Walizungumza kitambo kirefu. Hakutafuta nyumba yoyote. Alinunua bangili mbili za kioo, akazivaa pale pale.

Siku ya tatu tulikwenda msikitini. Ni mdogo, uko kando ya barabara yenye magari mengi. Jiwe la dirisha moja limechongwa kuwa mti, matawi yamesokotana, mwanga unapita katikati. Nilitegemea kusikia kitu kikubwa moyoni. Nilichosikia ni heshima, ile anayokuwa nayo mtu kwa kazi iliyofanywa vizuri, na nilitosheka. Mama huyu alikaa kwenye ngazi akinisubiri, akaniambia nisiharakishe.

Kwenye ndege alilala kuanzia chakula cha kwanza. Aliishi miaka mitano zaidi na hakusafiri tena, ingawa mwanawe alijitolea mara mbili kumpeleka. Mimi nilirudi kazini Jumatatu. Mizigo ilikuwa imelundikana, na mwenzangu wa zamu aliuliza nilikuwa wapi. Nilimjibu Ahmedabad. Akauliza iko upande gani, nikamchorea nyuma ya stakabadhi.