Samadi ya Profesa, Mikono ya Mama Pacha

Mama Pacha alijua kwamba ananuka. Hakuhitaji kuambiwa na mtu. Alijua kwa jinsi wanawake wenzake walivyomwachia nafasi pana kwenye benchi la zahanati, na kwa jinsi binti yake aliyeolewa mbali alivyomkumbatia akija nyumbani, mikono mbele na shingo kando. Alikuwa akioga maji ya moto, akijisugua kwa sabuni ya kufulia hadi ngozi ikawaka, kisha akijipaka mafuta mwili mzima. Harufu ilisubiri ajipanguse, halafu ikarudi. Ilikaa chini ya kucha, ndani ya nywele, kwenye mishono ya nguo. Samadi ni kaidi, na haina haya.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kila ngano ikishavunwa, alikwenda na toroli kwenye mabanda ya jirani mfuga ng'ombe, akazoa mavi yaliyolowa mkojo, akayasukuma hadi nyuma ya nyumba, akayarundika pamoja na mabua na taka za banda la kuku. Halafu akayapindua kwa uma, tena na tena, mpaka joto liishe, maana samadi mbichi huunguza mimea michanga. Huko kupindua ndiko kulikomkata maini. Lundo likifunguka lilitoa mvuke wa kuwasha macho, na katikati ya mvuke huo walikuwemo funza weupe, wanene, wakijinyonganyonga kwa raha zao. Mama Pacha alikuwa amekwisha kumeza nzi, na si mmoja. Ukimkuta anafanya kazi bila kuitikia salamu, usimdhanie ana maringo. Alikuwa amefumba mdomo kwa sababu za msingi.

Mumewe watu walimwita Profesa. Hakuwa na chuo alichosoma. Jina alilipata kwa mdomo wake. Hakuna mkutano wa kikundi cha wakulima aliokaa kimya, na siku zote alisema jambo lile lile: samadi ndiyo mbolea, hiyo ya mifuko ni balaa.

"Mbolea ya dukani ni pombe," alikuwa akisema, kidole juu. "Leo ngano inachangamka, kesho inaamka na kichwa kinauma. Samadi ni chakula! Samadi inalisha udongo, udongo unalisha ngano!"

Watu walipiga makofi. Mama Pacha, aliyekaa nyuma peke yake na viti vitupu pande zote mbili, alitazama zile kucha safi za mumewe na kumeza mate. Profesa mwenyewe hakuwahi kuushika ule uma. Mgongo wake ulikuwa mbovu, kwa habari ya samadi tu. Kwenye kucheza karata ulikuwa mzima kabisa.

Mwaka huo bibi shamba, msichana mpole aliyekuwa akizunguka na pikipiki kuwashauri wakulima, alichoshwa na mabishano. Akapendekeza wajaribu. Shamba la Profesa lingegawanywa vipande vitatu virefu kutoka njiani hadi bondeni, mbegu ile ile, siku ile ile. Cha kwanza samadi. Cha pili mbolea ya viwandani, ya kupandia na ya kukuzia, ambayo angeileta yeye mwenyewe. Cha tatu kisitiwe kitu. Siku ya kuvuna kikundi kizima kingekuja kutazama, na kitakachoshinda ndicho wote wangekifuata msimu ujao.

"Samadi ikishindwa," Profesa alitangaza, "nautupa uma wangu mtoni!"

Wangu! Mama Pacha alicheka kwa pua. Lakini usiku ule maneno hayo hayakumtoka kichwani. Samadi ikishindwa, uma utakwenda mtoni. Toroli litabeba kuni. Binti yake atamkumbatia kwa kifua. Tangu siku hiyo aliiombea ushindi mifuko, kwa moyo wake wote, na hakuona aibu.

Hata hivyo hakutegea kazi. Hapo ndipo alipokuwa mtu wa ajabu. Aliimwaga samadi yake vizuri, iliyoiva, nyeusi, kutoka njiani hadi mwisho kabisa wa kipande, kama alivyofanya miaka yote. Aliichukia, lakini hakujua kuimwaga vibaya.

Ngano ikaota. Kipande cha mifuko kilitoka mbio, kijani kibichi cha kumvutia kila mpita njia. Cha samadi kilijivuta, kikiwa na rangi ya kawaida tu. Watu wakaanza kumtania Profesa, "Vipi, chakula chako bado kiko jikoni?" Profesa akacheka nao, lakini kicheko hakikufika machoni.

Muda si mrefu, Mama Pacha alikuwa uani akifua. Aliitumbukiza suruali ya mumewe kwenye karai, akaingiza mkono mfukoni kuugeuza nje, na vidole vikazama kwenye chembe ndogondogo. Maji yaliyozunguka mkono wake yalipoa ghafla. Akautoa. Kwenye kiganja zilibaki punje nyeupe, za mviringo, zikiyeyuka. Mbolea ya kukuzia, ambayo ikiyeyuka hupoza maji. Ile ile pombe.

Akaiacha nguo karaini, akaenda shambani na mikono yake yenye povu. Huhitaji kusoma kuona kitu kama kile. Upande wa njiani, kipande cha samadi kilikuwa kimegeuka kijani cha giza, majani mapana, manene. Alama za viatu vya mumewe zilitoka njiani, zikaingia katikati ya ngano, zikaishia penye tope. Baada ya hapo hakukuwa na alama. Profesa hakutaka kuchafua viatu. Kutoka pale hadi bondeni ngano ilikuwa ile ya samadi peke yake, na rangi yake ya kawaida.

Kinyaa kilichompanda pale kilikuwa kipya. Funza aliwajua. Hiki kilikuwa cha mtu anayelala naye kitanda kimoja.

Mchana alimwekea chakula, akasimama.

"Baba Pacha, hivi samadi inahitaji kusaidiwa?"

"Samadi?" Profesa hakuinua hata kichwa. "Samadi inajitosheleza, mama. Mara ngapi nimeshakwambia?"

Macho makavu. Na alikuwa anatafuna. Mama Pacha alitoka nje, akatema mate.

Masuke yalipotoka, ikaja mvua ya upepo. Ile ngano ya njiani, iliyokuwa imeshiba vyakula viwili na kurefuka kupita kiasi, ililala chini yote, mabua juu ya mabua. Baada ya hapo mvua ikakata kabisa, jua likawaka punje zikiwa bado zinajaa. Kipande cha mifuko kilikauka mapema, masuke yakawa mepesi.

Siku ya kuvuna ilipofika, kikundi kizima kilisimama njiani, kikaona kile kilichokuwa karibu na macho: kipande cha samadi kimelala, ngano imeanza kuoza kwa chini na kutoa harufu ya uvundo, panya wakikatiza. Kipande cha pili, pamoja na ukavu wake, kilikuwa kimesimama. Cha tatu kilikuwa kimedumaa, hakuna aliyekijali.

"Mzee," bibi shamba aliuliza, "hapa pamekuwaje?"

Profesa aliguna. Akatazama viatu vyake. Kisha akauweka mkono begani kwa mkewe, polepole, kama mtu anayesamehe.

"Ni huyu mama watoto. Alizidisha samadi. Nilimwambia, lakini mnawajua wanawake, akishika uma hasikii."

Watu wakacheka. Mtu mmoja nyuma akasema, "Basi, yamekwisha. Mifuko!" Wengine wakaitikia.

Mama Pacha aliyarudia maneno hayo moyoni. Yamekwisha. Ilikuwa imebaki kukaa kimya tu. Lawama moja ndogo, kicheko kidogo, halafu hatabeba tena mavi maisha yake yote. Alikuwa tayari. Kweli alikuwa tayari. Lakini ule mkono ulikuwa bado begani, mwepesi, unanukia sabuni.

Akautoa kwa vidole viwili.

"Mwanangu," alimwambia bibi shamba, "samadi sikuizidisha. Huyu ndiye aliyetia mbolea ya kukuzia juu yake. Aliiba kwenye ule mfuko wako, akatia mpaka pale viatu vilipoogopa tope. Samadi yangu iko kule. Twende."

Hakungoja jibu. Alitangulia, akapita kando ya ngano iliyolala, na watu wakamfuata. Mbele, kutoka pale alama za viatu zilipokuwa zimeishia hadi bondeni, ngano ilikuwa imesimama, fupi kidogo, masuke yameinama kwa uzito. Bibi shamba akachuma suke hapa, akachuma lingine kipande cha pili, akayasugua kwenye viganja, akapuliza makapi. Huku punje zilikuwa nene, zimejaa. Kule zilikuwa zimesinyaa.

"Udongo huu ulishika maji jua lilipowaka," alisema. "Mwaka wa mvua nyingi huenda mifuko ingeshinda, siwezi kuwadanganya. Lakini mwaka huu, samadi."

"Si nilisema mimi?" Profesa aliruka, kidole kimeshapanda juu, sauti imerudi yote. "Samadi ni chakula! Inalisha udongo, udongo unalisha..."

"Nyamaza!"

Hakuna aliyewahi kumsikia Mama Pacha akipaza sauti.

"Miaka yote hii nimebeba mavi kwa ajili ya maneno yako. Nimenuka mpaka mwanangu ananikwepa. Nikajiambia, haya, bora mwenzangu anakiamini anachokisema. Kumbe mimi ndiye niliyekuwa naamini, na nilikuwa naichukia." Alipumua. "Imeshinda. Sasa kaibebe."

Mama Pacha akarudi nyumbani, akauchukua uma, akauegemeza kwenye lundo, mpini umeelekea njia ambayo mumewe angekuja nayo. Kisha akabandika maji ya moto, akaingia bafuni na kipande kipya cha sabuni.

Alikuwa akijimwagia kopo la kwanza alipousikia uma ukizama kwenye lundo. Halafu akamsikia Profesa akitapika, akivuta pumzi, akitapika tena.

"Mama Pacha!" sauti nyonge iliita nyuma ya ukuta. "Mama Pacha, maji!"

Mama Pacha alichota kopo lingine, akajimwagia kichwani, akaendelea kusugua kucha.