Vali ya Mwisho ya Nyambizi

Kuna siku moja, mwanangu, nikiikumbuka hata leo mdomo unabaki wazi. Nilikuwa kijana, nimetoka Bukavu, nabeba masanduku kwenye atelier moja, karakana kubwa hapa Brussels iliyotunza vipuri vya nyambizi za nyuklia. Ndiyo, zile zinazokaa chini ya maji miezi na miezi zikiwinda manowari za adui. Usinicheke, basi! Kazi alinitafutia Papa Saidi, mzee wa Bujumbura, chef wa stoo, yaani mkuu wetu, aliyebakiza kidogo tu apate pensheni yake.

Bon, kwetu nilikuwa fundi wa magari. Unajua garage zetu: pièce, kipuri, haifi. Raba ya kandambili inageuka joint ya kuziba mafuta ya Land Rover, na gari linapanda mpaka Walungu. Nilijivunia sana ufundi ule, nikadhani dunia nzima inatengenezwa hivyo.

Siku hiyo Papa Saidi alishika vali mpya ya mabomba ya nyambizi ya mtindo wa zamani. Kiwanda chake kilishafungwa, na ile ilikuwa ya mwisho. Wenye nyambizi waliingoja kwa hamu. Ikamponyoka. Ngaa! kwenye saruji. Nikaiokota, nikaigeuza huku na huku: hata mkwaruzo hamna. Na tulikuwa wawili tu mule ndani.

“Papa, futa vumbi, tuirudishe kwa sanduku.”

Papa Saidi akamwita patron, bosi wetu, akamweleza mwenyewe kwamba imeanguka. Patron akawa mwekundu, akasema ikaguliwe, labda itafaa. Papa Saidi akaibeba mpaka upande wa mafundi, kwenye msumeno wa umeme, na kuikata katikati. Mama yangu! Nilipiga kelele mpaka watu wakaacha kazi.

“Papa, uko unafanya nini? Hii ni ya mupya! Watakufukuza, na mimi pamoja!”

“Keti,” akaniambia, bila hasira. “Nyambizi za kwanza zilikuwa kama meli za kawaida, zinajificha chini kidogo, zinarudi juu kuvuta hewa. Nyuklia ilipokuja, wakazichora upya, mviringo mithili ya samaki, zishuke sana, zikae huko. Lakini namna ya kuunga mabomba ilibaki ya zamani. Basi moja ikashuka kwenye majaribio, haikurudi. Watu wote, mwanangu. Wanadhani bomba lilivuja. Tangu hapo, pièce ambayo hatuyajui maisha yake yote haipandi nyambizini. Na hii, tangu ilipoanguka, hatuijui tena.”

Mimi nilikuwa nimeshika vile vipande viwili, nikitafuta ufa. Nilitamani uwepo, angalau mzee wangu apone lawama. Haukuwepo! Chuma safi, kinang'aa.

“Papa! Ilikuwa nzima!”

“Alhamdulillahi,” akasema. “Sasa tunajua. Kabla ya hapo tulikuwa tunabahatisha na watoto wa watu.”

Alors, walimvua uchef. Akashika ufagio, akafagia stoo ileile mpaka pensheni, chini ya kijana ambaye yeye mwenyewe ndiye alimfundisha kazi. Nilikasirika hadi nikashindwa kula. Yeye alikuwa anatusalimia kila asubuhi, ananiuliza mama yangu anaendeleaje. Nilingoja siku nimwone anajuta, sikumwona.

Mwanangu, kesho unaanza kutengeneza lifti pale Porte de Namur, hapahapa mjini. Ufundi wetu wa kandambili usiuonee haya, ni akili ile. Lakini utumie pale ambapo ukikosea, utashuka wewe mwenyewe kusukuma gari. Penye mtu aliyefungiwa ndani, asiyeweza kutoka wala kukuuliza, usibahatishe. Kitu kikikuponyoka, sema, hata kama uko peke yako. Na wakikupa ufagio, ushike.

Mungu akupe mikono mitulivu na wakubwa wenye kusikia. Na wale utakaowapandisha juu, wazee wenye mifuko yao, mama na mtoto mgongoni, wafike salama, waende zao, na wasiwe hata siku moja na sababu ya kuuliza jina lako.