Nyongeza ya Binti wa Jirani

Harufu ya sabuni ya kipande ikikatwa kwa waya hunitia wivu hadi leo.

Mama alipokopeshwa na akina mama wa kanisa, duka letu dogo pale Nakuru, nyuma ya nyumba za reli, lilijaa sabuni, chumvi na peremende. Kila mtoto aliyetumwa kununua kitu alipewa peremende moja ya nyongeza. Mimi nilipewa ufagio.

Siku moja nilipanga foleni nyuma ya binti wa jirani, nimeshika chupa ya mafuta ya taa.

“Na mimi, Mama?”

“Nyongeza ni ya mnunuzi,” akasema, akimwongezea yule binti peremende ya pili. “Wewe ni wa nyumbani.”

Siku hizi nikipewa nyongeza dukani, naila papo hapo, nikimkazia macho mtoto wa mwenye duka.