Makanisa Mawili ya Bi Keziah Thripp

Watu wa Otterbury walimsema Bi Keziah Thripp kwamba hana msimamo. Waongo! Msimamo alikuwa nao, tena mmoja tu: tumbo halina dini. Alikuwa mjane wa fundi wa matandiko ya farasi, umri miaka sabini na minne. Jumapili asubuhi alikuwa kanisa la parokia, la Kianglikana, ambako wajane sita waliohudhuria ibada walipewa mkate mmoja mmoja, kwa wosia wa tajiri fulani aliyekufa zamani akiogopa moto wa milele. Jioni alikuwa kwa Wamethodisti, wenye supu, na nyimbo zao akaziimba kuwashinda wenyewe.

Mkate na supu vilimfikisha Alhamisi. Siku zilizobaki alijikaza, nasi majirani tukimpa viazi. Mkate au supu ikikatika, basi ni kupelekwa nyumba ya maskini, na huko dada yake aliingia kwa miguu yake akatoka amebebwa kwenye jeneza la mbao za masanduku. Bi Keziah aliiogopa nyumba ile kuliko jehanamu, na hakuficha.

Ndipo akaja kasisi msaidizi mpya, Lisle, kijana mwenye shingo ndefu na elimu nyingi isiyomfaa mtu. Akazipata habari za supu. Jumapili moja, ibada imekwisha, akasimama mlangoni penye rafu ya mikate, akagawa mitano, wa sita akaukumbatia.

"Bi Thripp," akasema, sote tukisikia, "chagua. Hapa au kule."

Nilitamani kumzaba kibao, kanisa si kanisa. Bi Keziah akasema kwa upole, "Mwanangu, sitaki kukugombanisha na Wamethodisti. Nitahamia kwa padri wa wale Waayalandi wanaojenga reli. Nasikia anasomea misa kwenye banda la ng'ombe."

Kasisi akabadilika rangi. Kumpoteza mjane kwa Wamethodisti ni aibu ndogo. Kumpoteza kwa Papa wa Roma, askofu angetaka maelezo. Akamkabidhi mkate upesi upesi, na kesho yake akamletea mwingine nyumbani, wa jikoni kwake.

Jumapili ile ile, tukiwa njiani kurudi, nilimuuliza kama kweli angekwenda kwa yule padri. Akamega kipande, akatafuna, akameza.

"Nimeshakwenda mara mbili," akasema. "Hawagawi kitu."